Ni sifa ipi ya yai ambayo mnunuzi wa rejareja huilipia kwa kweli?

Mfugaji wa Kibaha

Salaam, wanajukwaa. Ninafuga kuku wa mayai hapa Kibaha kwa mwaka wa nne sasa, na nimekuja kwenu na swali ambalo daftari langu la mauzo limeshindwa kulijibu. Nina makundi matatu ya kuku. La kwanza ni kuku wa kisasa 400 wanaokaa bandani muda wote, ambao hunipa trei kumi au kumi na moja kwa siku. La pili ni chotara 150 pamoja na majogoo wao, ambao nawafuga kwa mtindo wa nusu huria: asubuhi wanapata pumba na mashudu bandani, mchana wanatoka. La tatu ni kienyeji 60 wanaozurura chini ya mikorosho, na hao wakinipa trei mbili kwa wiki nzima namshukuru Mungu.

Trei ya kisasa naiuza kwa jumla shilingi 9,000 na ya kienyeji shilingi 15,000, wala hakuna anayebishana nami juu ya bei hizo. Mgogoro uko kwenye chotara. Mnunuzi mmoja hunipa 13,000 bila kuuliza neno, na mwingine, kwa mayai yaliyookotwa asubuhi ileile katika viota vilevile, husema hatazidisha 9,500 kwa sababu "haya ni ya kisasa tu, yamebadilishwa jina". Nikiyatazama mayai yenyewe sioni ni kitu gani hasa huyu anakilipia na yule anakikataa. Je, ni rangi ya ganda? Ni ukubwa? Ni unjano wa kiini, ambao hata hivyo hawauoni mpaka yai livunjwe? Ni namna kuku anavyoishi? Au ni neno "kienyeji" lenyewe ndilo linalouzwa?

Nauliza kwa sababu nina akiba kidogo ya kuwekeza. Naweza kununua mizani na kuanza kuyapanga mayai kwa ukubwa, naweza kubadilisha chakula ili kiini kikolee, au naweza kutengeneza maboksi ya mayai kumi yenye jina la shamba. Yote matatu kwa mpigo siyawezi.

Muuzaji wa Tandika

Ndugu mfugaji, mimi nauza mayai kwa jumla na kwa rejareja, na nitakujibu kwa kukueleza habari za wateja kabla ya mayai, kwa kuwa trei moja ikipita mbele ya watu watatu huwa ni bidhaa tatu.

Kijana wa chipsi ndiye mteja wangu mkubwa. Anabeba trei nyingi kila siku, na sifa anayoitafuta ni moja tu, yaani yai kubwa kwa bei ndogo, kwa sababu zege, yaani chipsi mayai, likishakaangwa hakuna mlaji anayejua ganda lilikuwa na rangi gani wala kuku alilala wapi. Huyo hata umwambie kuku wako anasikilizishwa kaswida hatakuongezea shilingi. Muuza mayai ya kuchemsha, anayetembea jioni na ndoo yake na kachumbari, anataka kitu kingine kabisa: anataka ganda gumu lisilopasuka sufuriani, na mayai madogo ya kuku wanaoanza kutaga humfaa kuliko makubwa ya kuku wazee, ambayo ganda lake huwa jembamba. Yeye anauza kwa idadi, na mteja wake hapimi. Yai lake la shilingi mia tano lina ndani yake mkaa, chumvi, pilipili na mwendo wa miguu, kwa hiyo usilinganishe bei yake na yako ukadhani unaibiwa.

Anayelipia kienyeji ni mama anayemnunulia mtoto mdogo au mgonjwa. Huyo anaangalia mambo mawili: yai liwe dogo, na ganda liwe jeupe au la rangi ya maziwa. Ukimpelekea yai la kienyeji la kahawia, na yapo mengi tu, kwa sababu kuku wetu wa kienyeji hawana rangi moja, atalitoa kwenye mfuko na kuomba abadilishiwe. Sasa nenda kaangalie trei zako za chotara. Nina hakika aliyekupa 13,000 aliona trei yenye mayai mengi meupe juu, na aliyekataa aliona ya kahawia. Yatenganishe kwa rangi, meupe uyachanganye na kienyeji, na mgogoro wako utakwisha. Mimi sioni dhambi hapo, maana hao chotara nao wanazurura na wana jogoo.

Mchumi Kilimo

Ndugu wa Tandika ameeleza soko vizuri kuliko vitabu vingi, ila ushauri wake wa mwisho sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini baada ya kulijibu swali lenyewe.

Kuigawa bei ya bidhaa kwa sifa zake ni kazi ya zamani. Mwaka 1928 Mmarekani Frederick Waugh alichapisha uchunguzi wake kuhusu bei za mboga katika soko la jumla la Boston, ambako alipima asparagasi, nyanya na matango, akavilinganisha vipimo hivyo na bei iliyolipwa siku hiyohiyo, na kwenye asparagasi akaona kuwa urefu wa sehemu ya kijani ndio uliovuta bei kuliko sifa nyingine. Mwaka 1974 mchumi Sherwin Rosen akaijengea mbinu hiyo nadharia: kila sifa ina bei yake iliyojificha ndani ya bei moja tunayoiona, na bei hiyo iliyojificha hukaa pale ambapo utayari wa mnunuzi kulipa unakutana na gharama ya mzalishaji kuiweka sifa hiyo ndani ya bidhaa. Daftari lako limeshindwa kukujibu kwa sababu linaandika "trei moja, 13,000" na haliandiki trei ile ilikuwa na uzito gani, rangi gani, imekaa siku ngapi, na imeuzwa kwa nani.

Anza na uzito. Tuchukulie yai lako la kisasa lina gramu 60 na la kienyeji lina gramu 40. Trei ya kwanza ina kilo 1.8 na ya pili kilo 1.2. Kwa bei zako, mnunuzi wa kisasa analipa shilingi 5,000 kwa kilo, na wa kienyeji analipa 12,500. Ukihesabu kwa yai, kienyeji ni ghali zaidi kwa theluthi mbili, lakini ukihesabu kwa chakula kinachoingia tumboni, ni ghali mara mbili na nusu. Nchi ambazo mayai huuzwa kwa madaraja ya uzito, udogo hupunguza bei. Kwetu, kwenye kundi hili moja la wateja, udogo unaipandisha, na hilo haliwezekani kama udogo ndio unaonunuliwa. Kinachonunuliwa ni habari ambayo udogo unadhaniwa kuibeba.

Rangi ya ganda inaonyesha jambo hilohilo kwa uwazi zaidi. Rangi hufuata aina ya kuku: White Leghorn hutaga yai jeupe na Rhode Island Red hutaga la kahawia, hata wakilishwa sahani moja, na rangi haibadilishi lishe iliyomo ndani. Huko Marekani yai jeupe ndilo la kila siku na la bei nafuu, na la kahawia ndilo linalouzwa ghali na kuhusishwa na shamba dogo. Sehemu ya tofauti hiyo ni gharama ya kweli, kwa kuwa kuku wanaotaga mayai ya kahawia kwa kawaida wana miili mikubwa na hula zaidi. Hapa kwetu kuku wa kisasa waliozoeleka ndio wenye kutaga mayai ya kahawia, kwa hiyo jeupe likageuka kuwa alama ya ukienyeji. Rangi ileile inapata bei mbili zinazopingana, kila soko kwa historia yake.

Na hapa ndipo ninapopishana na ndugu wa Tandika. Alama inayoweza kuigizwa haidumu kuwa na bei. Rangi ya kahawia hutandazwa zaidi kwenye tabaka la nje la ganda saa chache kabla yai halijatagwa, na tindikali nyepesi kama siki inaweza kuifuta, ikaondoka pamoja na utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Mnunuzi atakapojua kwamba weupe unatengenezwa sokoni, ataacha kuulipia, na mwenye kienyeji wa kweli ataadhibiwa pamoja na mwenye wa bandia. Yule aliyekwambia "yamebadilishwa jina" ameshafika huko.

Kuhusu kiini, unjano wake hutokana na rangi za mimea anazokula kuku. Mahindi ya njano yana rangi hiyo, mahindi meupe tunayoyalima sisi hayana, na ndiyo sababu kuku wa bandani anayelishwa mahindi meupe bila majani hutoa kiini kilichopauka. Majani mabichi au majani makavu ya lusina (mti wa malisho) yaliyosagwa hukikoleza, ila lusina iwe kidogo kwenye mchanganyiko, kwa sababu ina sumu iitwayo mimosini inayomrudisha kuku nyuma. Kiini ni sifa ambayo mteja huijua akishafika nyumbani, kwa hiyo haitakupa bei leo. Itakupa mteja anayerudi, na mteja wa namna hiyo una faida naye kama tu anaweza kulitambua yai lako kati ya mengine. Bila boksi wala alama, unakoleza kiini kwa faida ya wafugaji wote wa Pwani.

Usisahau upande wa gharama. Kuku wa kisasa anayekula gramu 120 kwa siku na kutaga kwa asilimia 80 hutumia kilo 4.5 za chakula kwa trei moja. Chotara anayetaga kwa asilimia 50, akila kiasi hichohicho, hutumia kilo 7.2. Anachookota nje kinapunguza, lakini zidisha kilo hizo 2.7 za nyongeza kwa bei ya mfuko unaonunua, utaona kama 9,500 inakulipa au unafanya sadaka.

Mwoka Keki wa Tanga

Naomba niseme kama mnunuzi, kwa sababu naona mmenisahau. Mimi sinunui kienyeji, na rangi ya ganda hainihusu. Ninachokilipia ni usawa. Mapishi yangu yanasema mayai manane, na trei za mtaani zina yai la gramu 45 limekaa jirani na la gramu 68. Nikivunja manane madogo keki inakuwa kavu, nikivunja manane makubwa inashuka katikati. Imenibidi nivunjie kwenye bakuli juu ya mizani kila asubuhi, na hiyo ni kazi ya mtu. Mfugaji anayeniletea mayai yaliyopangwa, yawe ya kati yote au makubwa yote, namwongezea shilingi 500 kwa trei, na kiini kikiwa cha njano naongeza nyingine kidogo, kwa kuwa rangi ya keki inatoka humo. Kaka yangu wa Kibaha, ukinunua mizani, kuku wako wa kisasa ndio watakaoilipa, wala si hao chotara.

Mtanzania Ujerumani

Niongeze neno kuhusu sifa ambazo mteja hazioni kabisa, hata akilivunja yai. Huku Ujerumani, kama ilivyo katika Umoja wa Ulaya wote, yai la dukani hugongwa muhuri kwenye ganda. Tarakimu ya kwanza inasema namna ya ufugaji: 0 ni kilimo hai, 1 ni kuku wanaotoka nje, 2 ni wanaotembea ndani ya banda, 3 ni wa vizimba. Kisha hufuata herufi za nchi na namba ya shamba. Ukubwa nao una mipaka: S ni chini ya gramu 53, M ni kuanzia 53 hadi chini ya 63, L hadi chini ya 73, na XL ni 73 kuendelea. Mteja anasimama mbele ya rafu na kuona wazi kwamba kutoka 2 kwenda 1 kwenda 0 bei inapanda, wakati mayai yenyewe, ukiyatoa kwenye boksi, huwezi kuyatofautisha kwa macho. Tangu tarehe 1 Januari 2022, kuua vifaranga dume wa jamii ya kuku wa mayai ni marufuku hapa, na gharama ya katazo hilo nayo imo ndani ya bei.

Ninachotaka kukisema ni kwamba tarakimu ile haina thamani yenyewe. Inalipiwa kwa sababu nyuma yake yuko mkaguzi anayeweza kufika bandani. Ukichapa "huria" kwenye boksi lako Kibaha, mkaguzi wa namna hiyo huna, kwa hiyo itakubidi wewe mwenyewe uwe dhamana: tarehe ya kutaga, mahali shamba lilipo, na ahadi kwamba yai bovu linabadilishwa bila maswali. Neno "kienyeji" limechoka kwa sababu kila mtu analisema na hakuna anayelidhamini.

Mfugaji wa Kibaha

Nawashukuru wote, na naomba radhi kwa kukaa kimya wiki nne. Niliona nisijibu kwa maneno kabla sijajaribu.

Kwanza nilitenganisha mayai ya chotara kwa rangi, kama ndugu wa Tandika alivyosema, ila sikuyaita kienyeji. Alikuwa na haki: yale meupe yalikwenda kwa 13,000 bila mjadala, na ya kahawia yakabaki 9,500. Lakini meupe ni theluthi moja tu ya yote, kwa hiyo wastani wangu ulikuwa kama 10,700 kwa trei.

Kisha nikachukua mayai mengine ya chotara hao hao, nikayachanganya rangi kwa makusudi, nikayaweka kwenye maboksi ya mayai kumi. Juu yake niliandika "Chotara wa nusu huria, Kibaha", tarehe ya kutagwa, na kwamba yai bovu linabadilishwa. Nikayapeleka duka moja la Maili Moja kwa bei ya rejareja ya shilingi 5,000 kwa boksi. Boksi lenyewe linanigharimu 400 na mwenye duka anachukua 500, kwa hiyo kila mayai thelathini yananiachia 12,300. Wiki ya kwanza kati ya maboksi 30 yaliuzwa 22. Wiki ya tatu yaliisha siku ya tano, na nilibadilisha yai moja tu. Mwenye duka anasema watu huuliza kwanza kuhusu tarehe, na ni wachache waliouliza kuhusu rangi. Hilo sikulitarajia, kwa kuwa katika swali langu la kwanza upya wa yai sikuutaja kabisa.

Mizani nimenunua ndogo ya jikoni, kwa ajili ya kisasa. Dada wa Tanga, kama kuna basi linaloaminika kwa mizigo inayovunjika, tuzungumze.

Mchumi Kilimo

Umefanya vizuri, ila usifunge hesabu mapema. Duka moja na wiki tatu ni kidogo, na kitu kipya rafuni huvuta macho kwa muda tu. Jaribu wiki mbili kwa 4,500 na wiki mbili kwa 5,000, kisha uandike yaliyouzwa na yaliyobaki. Andika pia bei ya trei ya kisasa katika duka hilohilo, kwa sababu bei ya sifa haisimami peke yake, ni pengo juu ya yai la kawaida. Homa ya mafua ya ndege ilipoikumba Marekani mwaka 2022, bei ya wastani ya dazeni ya mayai ya kawaida ilipanda kutoka chini ya dola 2 mwezi Januari mwaka huo hadi dola 4.82 mwezi Januari 2023, na katika baadhi ya maduka mayai ya kuku wasiofungiwa, ambayo huuzwa kwa mikataba ya muda mrefu, yakawa nafuu kuliko yale ya kawaida. Kuku hawakubadilika, pengo ndilo lililogeuka. Siku kisasa kikiadimika Kibaha, boksi lako la 5,000 litaonekana la bei nafuu, na kikijaa sokoni litaonekana la anasa, bila wewe kufanya lolote.

Muuzaji wa Tandika

Mchumi amenisema, nami nimesikia. Lakini naona mama wa mgonjwa bado atataka jeupe, na mimi siwezi kumfundisha darasani akiwa na haraka.

Ndugu mfugaji, niletee maboksi ishirini siku ya Ijumaa tuyajaribu upande huu. Sharti langu ni kwamba tarehe iandikwe kwa wino usiofutika, kwa sababu Dar es Salaam mikono inatoka jasho, na boksi lenye tarehe iliyofifia kwangu litakuwa sawa na boksi lisilo na tarehe. Nitalifungua na kuyaweka mayai yake kwenye trei ya 9,500.